Gego limevimbisha shavu, Jumamosi usiku hapa Tanga: tungoje Jumatatu au twende sasa?

Mkaazi_Chumbageni (saa 2:10 usiku)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naulizia mdogo wangu wa kiume, miaka 27, kilo 68. Gego la chini kushoto, la pili kutoka mwisho, lina tundu la siku nyingi. Jumatano lilianza kupwita. Chai ya moto ilimzidishia, maji ya baridi yakimpoza kidogo. Jana maumivu yakakatika ghafla tukadhani limetulia. Leo kaamka shavu limevimba, ukiligonga jino kwa kijiko linauma hadi sikioni, na anasema analihisi refu kuliko mengine.

Kanywa diklofenaki ya miligramu 50 saa 10 jioni. Ndani kuna kapsuli 7 za amoksilini zilizobaki za mtu mwingine. Hana kisukari tunachokijua, wala vidonda vya tumbo, wala dawa inayomdhuru. Kliniki za meno nilizopiga simu zote ni hadi Jumatatu.

Naomba kujua: tumtulizeje usiku huu, hizo kapsuli aanze au la, na je ni kweli jino likishavimba haling'olewi mpaka uvimbe ushuke?

Koleo_na_Ganzi (saa 2:31)

Wa alaykum salaam. Dawa baadaye, kwanza mkague sasa hivi kwa tochi ya simu.

Mdomo: aweke vidole vyake mwenyewe wima, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima kwa kawaida huingiza vitatu. Vikiingia viwili, misuli ya kutafuna imeanza kukaza kwa sababu maambukizi yameifikia. Kikiingia kimoja, hiyo ni dharura ya usiku huu huu.

Ulimi: aunyanyue. Chini yake pawe laini na pande zote mbili zilingane. Pakiwa pamejaa, pagumu, au ulimi umesukumwa juu, msisubiri kitu.

Mate: mpe maji vijiko viwili ameze. Akiyatema au mate yakimchuruzika kwa sababu kumeza kunauma, au sauti imekuwa nzito kama mtu mwenye kitu cha moto kinywani, msisubiri pia.

Taya: pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa taya kuanzia kidevuni hadi chini ya sikio. Ukiupata mfupa wote, uvimbe bado uko shavuni. Mfupa ukipotea chini ya uvimbe, usaha umeshuka shingoni.

Mpime na joto kama kipimajoto kipo. Nyuzi 38.5 na kuendelea, au anatetemeka kwa baridi, ni ishara kwamba mwili mzima umeshaingia vitani.

Nasisitiza taya kwa sababu ya jino lenyewe. Mizizi ya magego mawili ya mwisho ya chini huishia chini ya pale msuli wa sakafu ya mdomo uliposhika kwenye mfupa. Usaha ukitoboa mfupa upande wa ndani, hautokei kwenye fizi ambako ungeuona, unadondokea chini ya taya, jirani na koo. Jipu la jino la mbele humchafua mtu uso. La gego hilo linaweza kumziba pumzi.

Halafu hiyo nafuu ya jana haikuwa nafuu. Kiini cha jino kikiwa hai na kimewaka, kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, hakina pa kuvimbia, ndiyo maana hupwita na moto ukakizidishia. Kikifa, ukali hukatika. Siku moja au mbili baadaye bakteria wanatoka kwenye ncha ya mzizi, jino linainuliwa kidogo na usaha, ndiyo huko kuhisi limerefuka. Nirudishie majibu ya vidole na taya.

Famasi_Ngamiani (saa 2:44)

Upande wa dawa, ndugu yangu, tuanzie hapo mlipo.

Diklofenaki na ibuprofeni ni za ukoo mmoja. Kuzichanganya hakuzidishi nafuu, kunazidisha hatari ya tumbo kutoka damu na figo kuumia. Kameza saa 10 jioni, basi ibuprofeni asiiguse kabla ya saa 6 usiku. Parasetamoli ni ya ukoo mwingine, hiyo apewe sasa: vidonge viwili vya miligramu 500. Kwa mtu mzima wa kilo zake:

Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, yaani vidonge visizidi 8 kwa siku nzima.
Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, juu ya chakula, hata kama ni uji. Isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila daktari.

Dawa hizo mbili kwa pamoja hutuliza jino kuliko kila moja peke yake, na hufanya kazi vizuri zaidi mkifuata saa kuliko kungoja maumivu yapande. Ziandikeni kwenye karatasi, dawa na saa. Mtu aliyekesha siku tatu hakumbuki alichomeza, na hapo ndipo ini huharibika kwa parasetamoli. Soma pia maandishi ya vidonge vya maumivu vya mchanganyiko vinavyouzwa dukani, vingi vina parasetamoli au aspirini ndani, mkavihesabu kama kitu kingine.

Kwa wengine watakaosoma: mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa hizi, anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au mjamzito, aache ibuprofeni na diklofenaki, abaki na parasetamoli. Kukiwa na shaka ya homa ya dengue, vivyo hivyo.

Kapsuli 7 ziacheni. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 500 mara tatu kwa siku, kwa hiyo saba hazimalizi hata siku tatu. Na kikubwa zaidi, kiini kimekufa, hakina damu inayopita, sasa dawa iingie kwa njia ipi? Inatibu nyama za pembeni, chanzo kinabaki pale pale. Uvimbe hushuka, mtu anasahau, wiki mbili baadaye anarudi na bakteria waliozoea dawa. Antibayotiki ina kazi yake pale maambukizi yanaposambaa au kuna homa, na daktari akiitoa huwa sambamba na kutoa usaha.

Muheza_Juu (saa 3:02)

Nyongeza kwa vitu vya nyumbani, maana najua usiku kama huu kila jirani ana dawa yake.

Karafuu inasaidia kweli, ndani yake mna yujenoli inayotia ganzi. Lakini inafanya kazi kwenye tundu lenye kiini kilicho hai. Jino hili limeshapita hapo, msitegemee mengi. Mkitumia mafuta, tone moja kwenye pamba ndogo kama punje ya mchele, liwekwe ndani ya tundu kwa kibano, dakika chache kisha litolewe. Likimwagikia fizi au shavu linababua. Mtoto mdogo asipewe kabisa.

Maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, asukutue taratibu na kutema, mara nne au tano kwa siku na kila baada ya kula. Yanaondoa mabaki ya chakula na kulainisha fizi. Basi, hayana zaidi ya hapo.

Kukanda: kwa baridi, siyo moto. Barafu ndani ya kitambaa, nje ya shavu, dakika 15 kisha apumzike. Kitambaa cha moto juu ya shavu huvuta damu, huzidisha uvimbe na huweza kuufanya usaha utafute njia kwenye ngozi. Kovu lake usoni halifutiki.

Alale kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu. Akilala flati damu hujaa kichwani na kupwita hurudi.

Na hivi nawaomba kwa dhati msivijaribu: aspirini kupachikwa kwenye fizi (ni tindikali, inaunguza), utomvu wa mnyaa, maji ya betri, mafuta ya taa, kutoboa uvimbe kwa sindano au wembe. Utomvu wa mnyaa ukigusa jicho unaweza kulipofua, na mdomoni unaacha kidonda kikubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Koleo_na_Ganzi (saa 3:15)

Ahsante Muheza_Juu. Nimalizie swali la tatu, kwa sababu limewachelewesha watu wengi sana.

Jino lililovimba linang'oleka. Kulitoa, au kulitoboa juu ili usaha upate njia na baadaye kutibiwa mzizi, ndiko kunakoshusha uvimbe. Kauli ya "mpaka ushuke" ilianzia kwenye jambo la kweli: ganzi inashika vibaya kwenye nyama yenye usaha. Nyama hiyo ina tindikali nyingi, na lignokaini, yaani dawa yenyewe ya ganzi, kwenye tindikali haipenyi vizuri ndani ya mshipa wa fahamu. Lakini kwa magego ya chini hatuchomi kwenye jipu. Tunachoma nyuma kabisa ya taya, mbali na uvimbe, pale mshipa unapoingia kwenye mfupa. Ishara ni moja: nusu ya mdomo wa chini upande huo ife ganzi hadi katikati ya kidevu. Kama haijafa baada ya dakika 5 hadi 10, mwambieni daktari kabla hajaanza, ataongeza. Mgonjwa asijikaze kiume kwenye kiti, kwa kuwa akiruka koleo likiwa limeshika, mzizi huvunjika.

Kinachoahirisha kweli ni mdomo usiofunguka, maana chombo hakipiti, au mgonjwa ambaye hali yake ya mwili haijatengemaa: sukari iko juu sana, shinikizo liko juu sana, anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Na hata hapo, huyo hupelekwa hospitali akapewe dawa ya mshipani na kupasuliwa usaha. Kurudishwa nyumbani na kapsuli akangoje si jibu.

Mjamzito naye asikae na jipu kwa kuogopa ganzi. Lignokaini na amoksilini hutumika kwenye ujauzito. Hatari kwake ni homa na usaha.

Mkaazi_Chumbageni (saa 3:27)

Nimempima. Vidole viwili haviingii, kimoja ndiyo. Chini ya ulimi upande wa kushoto pamejaa kuliko kulia. Ukingo wa taya naupata kidevuni, lakini karibu na sikio siupati. Anameza maji lakini anakunja uso. Joto 38.7. Pumzi naona ya kawaida. Parasetamoli mbili kameza saa 2:50. Kesho asubuhi itakuwa tumechelewa?

Koleo_na_Ganzi (saa 3:29)

Ndiyo, ndugu yangu. Ondokeni sasa hivi, hospitali ya Bombo, mapokezi ya dharura. Msitafute kliniki ya meno usiku huu. Huyu anahitaji hospitali yenye dawa ya mshipani, oksijeni na chumba cha upasuaji.

Mkifika msiseme "anaumwa jino", mtawekwa nyuma ya foleni. Semeni: "Ana uvimbe wa jino ulioshuka chini ya taya, mdomo unafunguka kidole kimoja, chini ya ulimi pamejaa, homa 38.7." Hapo mpokeaji anajua ni nini.

Njiani akae wima, ainame mbele kidogo, asilazwe chali hata kidogo, ulimi uliosukumwa unaangukia koo. Chukueni bajaji au gari, bodaboda siyo. Asile wala kunywa kitu kuanzia sasa, huenda akahitaji usingizi wa kupasuliwa. Kwa hiyo ibuprofeni ya saa 6 usiku nayo isimezwe, huko atachomwa ya mshipani.

Famasi_Ngamiani (saa 3:33)

Bebeni ile karatasi: diklofenaki 50 saa 10 jioni, parasetamoli gramu 1 saa 2:50 usiku. Muulizeni tena njiani kama aliwahi kutoka vipele au kuvimba midomo kwa penisilini, ni swali la kwanza mtakaloulizwa. Kadi ya bima kama ipo, na kitambulisho. Kama haipo msirudi nyuma kuitafuta, mengine yatafuata akiwa ameshapokelewa. Na waombeni wampime sukari, kisukari kisichojulikana mara nyingi hugundulika kwa jipu kama hili.

Muheza_Juu (saa 3:36)

Mtu mmoja aende naye, mwingine abaki na simu nyumbani. Akianza kukoroma akiwa macho, kuvuta pumzi kwa sauti, au kukataa kuegemea, mwambieni muuguzi papo hapo hata kama hajaitwa.

Mkaazi_Chumbageni (saa 3:38)

Bajaji iko mlangoni. Kakaa wima, karatasi ninayo.