Tupeane uzoefu: ulikuwa wapi Ons Jabeur alipokuwa anaitafuta fainali ya Wimbledon?

Mwanzisha mada (Tanga)

Habari zenu wapenzi wa tenisi. Tangu Ons, mchezaji wetu wa Tunisia, atangaze Julai 2025 kwamba anapumzika kwa sababu uwanjani hapati tena furaha, nimekuwa nikirudia mechi zake, nikaona tukusanye kumbukumbu zetu kabla hazijapotea. Tuzungumzie Wimbledon mbili, 2022 na 2023. Zote alifika fainali, na kabla yake hakuna mwanamke wa Kiafrika aliyewahi kucheza fainali ya mmoja mmoja ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya tenisi, Wimbledon ya Uingereza ikiwemo) tangu wachezaji wa kulipwa waruhusiwe mwaka 1968.

Naanza na 2023, maana naona wengi wanaikumbuka kwa machozi tu. Angalieni alikopita: Bianca Andreescu, Petra Kvitova, Elena Rybakina, Aryna Sabalenka, mmoja baada ya mwingine. Wote wanne walikuwa tayari wameshabeba Grand Slam, na Rybakina ndiye aliyemnyima kombe mwaka uliotangulia. Njia ngumu kiasi hicho mtu haipiti kwa bahati.

Nusu fainali ile dhidi ya Sabalenka ilinikuta kazini. Mimi nauza dawa za binadamu. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye mashine ya risiti. Ons kapoteza seti ya kwanza, ya pili yuko nyuma 4-2, na mbele yangu kasimama mama mmoja anasubiri chenji. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu wa Tunisia anashinda?" Nikamwambia bado mama. Akasema basi nami nasubiri. Alikaa kwenye benchi mpaka seti ya pili ikageuka. Mechi iliisha 6-7, 6-4, 6-3, na nilipiga kelele hadi fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Haya, karibuni. Mechi gani, na ulikuwa na nani?

Mdau, Maskati

Fainali ya 2022 iliangukia Idi. Tarehe 9 Julai, Idi el-Hajj huku Oman na kwao Tunisia pia. Sisi tulikuwa ukoo mzima kwa bibi, boko boko limeshaliwa, watoto na nguo zao mpya, na saa kumi na moja jioni televisheni ikawashwa. Bibi yangu alizaliwa Unguja, tenisi hakuwa na habari nayo. Aliuliza swali moja tu: "Wetu ni yupi?" Alipoonyeshwa, akashika tasbihi yake.

Seti ya kwanza Ons akachukua 6-3 na nyumba nzima ilishangilia, mpaka wajomba waliokuwa barazani wakaingia ndani. Halafu Rybakina akatulia, mipira yake ya kuanzia ikawa haigusiki. 6-2, 6-2. Bibi alimtazama Ons akipewa sahani ya mshindi wa pili, akasema, "Kacheza vizuri, na kesho ipo." Toka siku hiyo kila Ons akicheza lazima bibi apigiwe simu, na matokeo anayataka kwa seti.

Mdau, Mwanza

Kwetu ni kibanda umiza. Julai ligi za Ulaya zimefungwa, kibanda kinadorora, watu wanaangalia marudio ya mechi za zamani. Siku ya robo fainali ya 2023 nilimwomba mwenye kibanda aweke Wimbledon kwenye skrini ndogo ya pembeni. Alikubali kwa shingo upande.

Ons alipoteza seti ya kwanza kwa taibreka, ile gemu ya kuamua seti ikifika 6-6. Ya pili akachukua 6-4. Vijana wakaanza kusogeza viti. "Mbona kumi na tano, thelathini, halafu arobaini?" Nikawaeleza. "Na hiyo diyusi?" Nikawaeleza tena, ni pale wote wawili wakiwa arobaini. Seti ya tatu, Rybakina anachapwa 6-1, mwenye kibanda mwenyewe alihamishia mechi kwenye skrini kubwa bila kuombwa na mtu. Siku ya nusu fainali watu walilipa kiingilio kuja kumwona Ons. Mimi naona hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosemwa. Watu ambao hawajawahi kushika raketi walikuwa wanajua mpinzani anayefuata ni nani.

Mdau, Nairobi

Mimi hufundisha watoto tenisi, kwa hivyo nitasema kuhusu ule mpira wake mfupi. Wengi huusifu lakini hawaangalii mkono. Raketi inarudi nyuma vilevile kama anataka kupiga kwa nguvu, mpinzani anakaa nyuma ya mstari kujitayarisha, halafu mwishoni kabisa Ons anafungua uso wa raketi na kuukata mpira kwa chini. Unavuka wavu kidogo tu, na kwenye nyasi haunyanyuki. Ukianza kukimbia ukishauona, umechelewa.

Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi wangu video ya nusu fainali ya 2022 dhidi ya Tatjana Maria, kipande kwa kipande. Lakini watoto walichokishika zaidi ni mwisho wake. Ons ameshinda 6-2, 3-6, 6-1, na badala ya kubaki peke yake akipungia watu, anamvuta Maria, rafiki yake na mama wa watoto wawili, warudi katikati ya uwanja wapigiwe makofi pamoja. Wanafunzi wangu wakaanza kufanya hivyo hivyo baada ya mechi zao. Sikuwaambia.

Na tusisahau, wikendi ile ile ya fainali, Angella Okutoyi wetu na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walichukua taji la wasichana wawili wawili papo hapo Wimbledon. Waliwashinda Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada 3-6, 6-4, na taibreka ya kuamua 11-9. Huyo Mboko, ambaye wazazi wake ni Wakongo, ndiye aliyebeba kombe la mashindano ya Montreal, Kanada, 2025. Kwa hivyo ukiniuliza, ile Wimbledon ya 2022 ilikuwa na Afrika ndani yake kuliko kombe lenyewe linavyoonyesha.

Mdau, Reading, Uingereza

Mimi nilikwenda. 2023, siku aliyocheza na Kvitova. Foleni ya tiketi ilipangwa bustanini, tukapewa kadi zenye namba na tarehe, na hapo hatukuibiwa nafasi na mtu. Tulikuwa na chai ya maziwa kwenye chupa na mandazi, tukagawana na wazee wa Kiingereza waliokuwa mbele yetu.

Tiketi yetu ilikuwa ya kuingia viwanjani tu, kwa hiyo tuliangalia kwenye skrini kubwa, tumekaa kilimani. Kvitova, bingwa mara mbili wa pale pale, alipigwa 6-0, 6-3. Pembeni yangu familia ya Kitunisi na bendera yao. Hatukuelewana lugha, ila kila mpira mfupi ukifa upande wa pili yule baba alikuwa ananigeukia na kunishika bega.

Mdau, Arusha

Mimi mniruhusu nipingane na wanaosema fainali ya 2023 Ons alijiharibia mwenyewe. Ni kweli aliongoza 4-2 seti ya kwanza na 3-1 ya pili, akaishia 6-4, 6-4. Lakini Markéta Vondroušová ni wa mkono wa kushoto, hana haraka, kila mpira mfupi alikuwa anaufikia. Tena alishamfunga Ons mara mbili mwaka huo huo, kwenye Grand Slam ya Australia na mashindano ya Indian Wells, Marekani. Tumpe Vondroušová haki yake.

Mwanzisha mada

Arusha, hapo nakubaliana nawe, sikuwa nimezikumbuka zile mechi mbili. Na dada wa Maskati, tusalimie bibi sana, mwambie Tanga tunamwombea afya.

Waliokesha ile fainali ya Ons na Iga Świątek, US Open 2022 (Grand Slam ya Marekani), ilianza saa tano usiku kwa saa zetu, nanyi njooni mseme. Ile seti ya pili iliyokwenda taibreka nataka kuisikia kwa mtu aliyeiangalia moja kwa moja.