Mjadala: Je, wanafunzi wa kigeni waendelee kufundisha elimu ya afya katika vijiji vya Mtwara na Lindi?

Mleta mada, Mtwara

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naleta mbele yenu jambo ambalo huzungumzwa vibarazani kila mwaka ifikapo Juni, vyuo vikuu vya Ulaya vinapofunga na makundi ya wanafunzi yanapoanza kuwasili huku kwetu kujitolea. Wengi wao hupelekwa shuleni na vijijini kutoa elimu ya afya: malaria, kunawa mikono, matumizi ya choo, hedhi salama. Wapo wanaosema waachwe, kwa kuwa elimu haina mwenyewe na mgeni hajaomba mshahara. Wapo wanaotaka wazuiwe kabisa. Mimi nimefundisha shule ya msingi hadi kustaafu, na msimamo wangu ni kwamba waje, lakini wasisimame mbele ya watu kama walimu. Asimame mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeishi kijijini hapo, na mgeni awe msaidizi wake.

Sisemi hivyo kwa sababu ya rangi wala umri wao. Kumwambia mtu alale ndani ya chandarua ni kazi ya dakika tano, na sidhani kama kuna mtu mzima katika mikoa hii ambaye hajawahi kuambiwa. Somo lenyewe huanza pale msikilizaji anapouliza swali linalotoka katika maisha yake, na mara nyingi swali hilo haliulizwi siku ile. Huja wiki kadhaa baadaye, mtu akiwa amejaribu alichofundishwa kikamshinda. Nilihudhuria mkutano katika kijiji kimoja cha bara, mkoani Lindi, ambapo binti mmoja wa kizungu, mpole na mwenye bidii, alieleza vizuri sana kwa njia ya mkalimani jinsi ya kutundika chandarua juu ya kitanda na kukichomekea chini ya godoro. Mama mmoja akanyanyuka akasema kwamba yeye na wanawe hulala shambani, kwenye dungu, yaani kibanda cha kulindia mazao, tangu mahindi yanapobeba hadi yanapovunwa, wakiyalinda dhidi ya nguruwe. Dungu halina kitanda wala godoro, upepo hupeperusha chandarua na cheche za moto wa usiku hukitoboa, sasa afanyeje? Binti alimtazama mkalimani, mkalimani akamtazama mwenyekiti, na mkutano ukaendelea na somo la kunawa mikono. Aliyemjibu mama yule, watu walipokwisha kutawanyika, ni mhudumu wa kijiji, ambaye naye analo dungu lake. Alichukua kamba akamwonyesha jinsi ya kufunga pembe zote nne kwa ndani, chini ya ezeko la nyasi, na kugandamiza ncha za chandarua kwa mkeka ili upepo usizinyanyue, na moto akamwambia auwashe upande ambao upepo unaelekea, usikotoka.

Jambo hilo ni zito kwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Mtwara yakiwa karibu asilimia 20, ilhali wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 8. Isitoshe, mvua zetu za kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na ndicho kipindi ambacho familia nyingi huhamia mashambani. Wageni hutufikia watu wanapopuliza salfa kwenye mikorosho, mbu wakiwa wamepungua, na huondoka kabla ya mvua ya kwanza. Kalenda wanayoifuata ni ya vyuo vyao, na maswali ya watu wetu huiva wao wakiwa wamekwisha kurudi darasani.

Yapo pia mambo yasiyozungumzika mbele ya kila mtu. Pwani yetu imeteswa kwa muda mrefu na matende na mabusha, na mzee anayehitaji kuelezwa kwamba busha linatibika kwa upasuaji hataweza kulizungumzia mbele ya msichana aliye rika la mjukuu wake, hata mkalimani awe hodari kiasi gani.

Wenye umri wangu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi wakasikiliza redio kwa wiki 12, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi wa hapo hapo aliyepewa mafunzo mafupi na kijitabu. Walisikiliza, wakajadili, wakapanga wenyewe nani achimbe choo na lini. Sauti ilitoka mbali, lakini wa kuulizwa kesho yake alikuwa jirani, na naamini hiyo ndiyo sababu vyoo vilichimbwa. Karibuni tujadiliane.

Muuguzi wa zahanati, wilaya ya Masasi

Shikamoo Mwalimu. Nimekusoma kwa makini na mengi nakubaliana nawe, hasa hilo la msimu, ambalo sijawahi kusikia mtu akiwauliza wanaowaleta wageni hawa. Hata hivyo, naomba nikupinge kwa heshima katika jambo moja.

Sisi katika zahanati za vijijini tuko wachache mno. Siku ya kliniki akina mama hufika alfajiri, na ile elimu ya asubuhi ambayo tunapaswa kuitoa kabla ya kupima watoto uzito ndiyo ya kwanza kuachwa foleni inapokuwa ndefu. Mwanafunzi wa kigeni anayejua kushika mizani na kuandika kwenye kadi hunipa nafasi ya kukaa na akina mama kama inavyostahili. Hilo ni la kwanza, na ni dogo.

Kubwa ni hili. Mwaka mmoja wasichana wa darasa la sita na la saba waliachwa peke yao na wanafunzi wawili wa kike kutoka nje, pamoja na mkalimani ambaye naye hakuwa wa kijiji chetu. Maswali waliyoyauliza siku ile sijawahi kuulizwa mimi katika miaka yote niliyofanya kazi pale: kuhusu maumivu ya hedhi, kuhusu mambo waliyofundwa unyagoni ambayo yaliwatia hofu, na kuhusu mwanamume mtu mzima aliyekuwa akimpa mmoja wao fedha njiani. Hawaniulizi mimi kwa sababu mimi nasali na mama zao, nanunua mboga kwa shangazi zao, na kungwi wao ni jirani yangu. Mgeni ataondoka na siri yake. Ujirani unaousifia, Mwalimu, ndio unaowafunga midomo watoto hawa, na kama tukiamua kwamba asiye mwenyeji asisimame mbele yao, tutakuwa tumefunga mlango pekee waliouona uko wazi.

Mwanafunzi wa chuo cha afya, Lindi

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi naongeza kwa ufupi. Anayekuja kujitolea kwa muda mrefu anapaswa kuwa na kibali cha ukaazi daraja C, lakini kibali hicho kinahusu uhalali wa kukaa nchini. Hakimpimi mtu kama anaweza kufundisha. Mimi niko mwaka wa pili, na siruhusiwi kumgusa mgonjwa bila msimamizi. Inaniuma ninapomwona mwenzangu wa mwaka wa pili, na pengine hata hasomei afya, akipewa kipimo cha shinikizo la damu na kuitwa daktari na kijiji kizima. Kosa si lake peke yake, kwa kuwa sisi ndio tunaomwita hivyo.

Vilevile, safari iwe ya pande zote mbili. Mpango wa weltwärts wa Ujerumani, ulioanza mwaka 2008 kwa kuwaleta vijana wao kwetu na nchi nyingine, tangu mwaka 2013 umekuwa pia ukiwapokea Ujerumani vijana wa kutoka huku. Kila shirika linaloleta wanafunzi Mtwara na Lindi liulizwe limempeleka nani kutoka kwetu.

Mleta mada

Marahaba, wanangu. Nimefurahi kupingwa kwa hoja.

Muuguzi, uliyoyasema kuhusu mabinti yamenigusa, na sina namna ya kuyabeza, kwani nimewafundisha watoto wa rika hilo na najua ukimya wao. Mgeni ana masikio ambayo sisi hatuna. Lakini nakuomba utueleze jambo moja: yule mtoto aliyekuwa akipewa fedha njiani, baada ya wageni kupanda basi, nani alilishika jambo lake? Kama walikufikishia wewe au ustawi wa jamii, basi mfumo ulifanya kazi, na ulifanya kazi kwa sababu palikuwa na mwenyeji wa kupokea. Kama waliondoka nalo, mtoto yule alifungua moyo wake akabaki na hatari ile ile, na sasa amejifunza kwamba kusema hakusaidii. Kwa hiyo mgeni asikilize, na wasichana wapewe faragha hiyo, ila kabla hajaingia darasani awe ameonyeshwa ni nani atakayemkabidhi mtoto aliye hatarini, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi kabla hajasema neno.

Wahudumu wa kupokea watapatikana. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa Januari 2024 unakusudia kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka 5, yaani wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Ninachopendekeza kwa halmashauri zetu ni kwamba Mganga Mkuu wa Wilaya asitoe idhini kwa kundi lolote lisilokuwa limepangiwa mhudumu wa kufundisha nalo kwa majina, na kwamba sehemu ya ada ambayo wanafunzi hao hulipa mashirika yao imfikie mhudumu huyo kama posho, kwa kuwa siku anayomsindikiza mgeni ni siku ambayo hakwenda shambani. Maswali yaliyokosa jibu yaandikwe kwenye daftari linalobaki zahanati, na yasomwe katika mkutano wa kijiji unaofuata.

Wenzetu wa Liwale, Kilwa na Tandahimba bado hatujawasikia. Kwenu makundi haya huwa yanaripoti kwa nani?