Nyumba iko Mtwara, mwenyewe niko Tukuyu: niezeke upya, au nipake rangi na kubadilisha misumari?

Mwana wa Rungwe

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri juu ya jambo linalonisumbua tangu mvua zilipokatika. Mimi naishi Tukuyu, lakini marehemu baba alifanya kazi Mtwara na akatuachia huko nyumba ya vyumba vinne, iliyo karibu na bahari kiasi cha kusikia mawimbi usiku. Imeezekwa kwa bati la migongo midogo la geji 30 (kipimo cha unene: namba ikiwa ndogo, bati ni nene zaidi), lililopigiliwa misumari ya kawaida ya bati, na sasa upande unaotazama bahari umeshika kutu yenye rangi ya ugoro. Mpangaji amenipigia simu kwamba chumba kimoja kinavuja, na tangu kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mwezi Mei 2024 hana raha kabisa na paa linalogonga kila upepo unapovuma.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza ni kuezua lote na kuezeka bati jipya la geji 28 lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Ya pili ni kuliacha bati lililopo, kung'oa misumari na kuweka skrubu, kisha kukwangua kutu na kupaka rangi. Ya tatu ni kubadilisha upande wa bahari peke yake. Mfuko wangu unaegemea njia ya pili, ila kutoka hapa hadi Mtwara kwa kupitia Makambako, Songea, Tunduru na Masasi si safari ya kila mwezi. Mvua naijua, maana hapa kwetu ndiko inakolala. Chumvi na kimbunga sivijui.

Mama Kihesa

Pole, kaka, kwa kuuguza nyumba ukiwa mbali. Mimi ni wa Iringa, lakini nilikaa Mtwara miaka sita kikazi, na nilichojifunza mapema ni kwamba kutu ya kule haifanani na ya kwetu. Huku bati huoza pale maji yanapotuama, chini ya majani yaliyoziba gata au pale bati moja linapolalia jingine. Kule kutu hupenda zaidi mahali ambapo mvua haifiki, yaani chini ya ukingo wa paa na kwenye baraza, kwa sababu chumvi inayoletwa na upepo hutulia hapo bila maji ya kuiosha, na usiku huvuta unyevu. Juu bati laweza kuonekana zima huku chini likimenyeka kama maganda ya kitunguu.

Kwa hiyo, kabla hujanunua rangi, mtu apande ngazi na kubonyeza upande wa chini kwa ncha ya bisibisi. Ikipenya, njia ya pili imekufa. Isipopenya, bado rangi itakutaka uoshe bati kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuliacha likauke vizuri, kwani rangi iliyopakwa juu ya chumvi hutoka malengelenge kabla ya mwaka kuisha. Mimi wakati wa kiangazi nilikuwa nikirushia maji ukingo wa paa, nondo za madirisha na bawaba mara moja kwa mwezi, na bado kufuli la geti lilikuwa likigoma kufunguka nisipolipaka grisi.

Kijana wa Makete

Samahani wakubwa zangu, lakini je, si kweli kwamba vimbunga haviji Tanzania? Nyumba imesimama miaka yote hiyo. Kwa nini asizibe panapovuja, akaokoa fedha zake?

Mama Kihesa

Huja kwa nadra, mdogo wangu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na vingi hugeukia Madagaska na Msumbiji, lakini nadra si kutokuja. Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Zanzibar mwaka 1872, mikarafuu ya Unguja ikalazwa chini. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, nasi Mtwara tulikaa ndani tukisikilizia.

Fundi wa Uyole

Wenzangu mnazungumzia bati. Mimi naanzia chini yake. Upepo mkali unapopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na mvuto huo huwa mkubwa zaidi kwenye kingo, kwenye pembe na karibu na kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa. Dirisha likifunguka upande unakotoka upepo, hewa inayoingia hulisukuma paa hilo hilo kutokea ndani, na nguvu mbili zinasaidiana.

Zamani niliezeka jiko la mjomba wangu Igurusi, nikajisifu kwa kupigilia misumari ya kusokotwa kila mgongo. Upepo ulipokuja tulilikuta bati kwenye shamba la jirani, misumari yote imeshika barabara, na papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, bado zimeng'ang'ania bati. Papi hizo ndizo zilizochomoka kwenye kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, kwa kuwa kila papi niliishikiza kwa msumari mmoja wa inchi nne, uliopigwa wima. Tangu siku hiyo nafuata mnyororo mzima: bati kwa papi, papi kwa kenchi, kenchi kwa mbao iliyolazwa juu ya ukuta, na mbao hiyo kwa mkanda wa zege. Katika nyumba za zamani mbao hiyo ya ukutani mara nyingi imefungwa kwa waya mwembamba, ambao pwani huliwa na kutu hadi ukakatika kwa vidole.

Sasa tulinganishe. Njia ya kwanza ni ghali, lakini paa likiwa wazi kufunga kila kenchi kwa mkanda wa chuma uliochovywa kwenye zinki ni kazi ndogo. Njia ya pili inakuacha ukitambaa juu ya dari kutafuta vifungo, tena rangi itakurudisha Mtwara kila baada ya miaka michache. Nauli yako uihesabu ndani ya bei ya rangi. Mimi ningechagua ya tatu, iwapo bisibisi ya Mama Kihesa haitapenya upande wa nchi kavu: ezua upande wa bahari, funga kenchi zote kwa kupitia uwazi huo, kisha upande uliobaki badilisha misumari kwa skrubu. Kwenye kingo weka skrubu kila mgongo, katikati weka mgongo mmoja, ruka mmoja.

Mbao Mafinga

Naongeza dogo. Ukinunua papi za msindano zilizotiwa dawa yenye shaba, usizipigilie misumari mitupu, maana dawa hiyo huila. Na ziwe zimekauka. Mbao mbichi hunywea, msumari ukalegea wenyewe kabla upepo haujaja.

Mwana wa Rungwe

Nawashukuru. Mpangaji amepanda leo asubuhi: upande wa bahari bisibisi imepenya mahali pengi, upande wa pili haikupenya hata pamoja. Nimekubali njia ya tatu, na nitasafiri mwezi wa nane, kabla ya msimu wa vimbunga ambao huanza Novemba. Fundi, skrubu nazo zina kanuni ya kukaza?

Fundi wa Uyole

Ipo, ndugu yangu. Mpira wa washa, kile kisahani kilicho chini ya kichwa cha skrubu, ubanwe mpaka ulale sawa na bati. Ukiuona umechomoza nje ya washa umekazwa mno, na utapasuka kwa jua la Mtwara. Ukiweza kuuzungusha kwa kidole, kaza tena.