Eti gari limeoza kwa "kulioshaosha"! Fundi huyu mnamjua, na leo kanifikisha

BintiMaweni (mwenye uzi):
Msinilazimishe kumtaja, nyote mnamjua. Yule anayelaza magari ya Malindi chini ya mwarobaini na hakuna hata moja linaloamka zima. Huyo huyo.

Leo, mkono kiunoni, mbele ya watu, ananiambia: "Mwanangu, gari hili umelimaliza wewe kwa kulioshaosha."

KULIOSHAOSHA!

Alipewa gari alipake dawa ya kutu tumboni. Kalipokea lingali limetota, hakukwangua, hakusugua, hakungoja likauke. Kamwaga lami juu ya tope na chumvi, lami ambayo ingetosha kutia barabara mpaka Marafa na ikabaki ya kurudia. Sasa yabanduka mapande mapande, na nyuma ya mapande chuma hakuna. Bisbisi yaingia ukingo wa chini ya mlango kama kijiko kwenye uji. Tundu la nyuma ya gurudumu la kushoto, paka apita bila kuinama, na kitoto chake mgongoni. Lakini mwenye kosa ni ndoo yangu!

Muuza kahawa aliacha kumimina. Watu wakanigeukia, hata wasio na baiskeli. Nimemheshimu kwa mvi zake, ndiyo maana nafokea humu. Gari la pwani lisipooshwa lifanywe nini, lifukizwe udi?

MpandaProbox:
Namjua! Ukimpelekea taa ya nyuma, apaka lami. Ukimpelekea tairi, apaka lami. Aliwahi kupaka moja mpaka juu ya egzosi, injini ilipopata moto mtaa mzima ukatoka na ndoo.

FundiBati:
Tuseme kazi yenyewe, maana wengi hulipia lami wakidhani wamelipia dawa.

Lami si dawa. Changarawe ya murram ikilipiga tumbo la gari, lami hupasuka, maji huingia kwenye ufa na hayana pa kutokea. Kutu huendelea chini yake bila kuonekana. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, yenyewe ndiyo husukuma lami ikabanduka. Ndiyo hayo mapande.

Kazi ya halali huanza kwa maji matamu mengi. Presha kali peke yake haitoshi, yang'oa tope la juu na kulisukuma jingine ndani ya mishono. Chukua mpira wa kawaida, dakika 10 hadi 15 kila upande, ndani ya matao ya magurudumu na juu ya tangi la mafuta. Kisha likae juani siku mbili. Hapo ndipo tindo na nyundo ndogo vitoe magamba, na brashi ya waya kwenye grainda isugue mpaka chuma king'ae. Pale brashi isipofika, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosfori, nyembamba, uiache saa 24. Halafu praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kushika chuma) tabaka mbili, silanti ya kuziba kwenye mishono, ndiyo andakoti, koti la tumbo la gari, ije juu. Ndani ya chesisi na milango andakoti haifiki, mle hupulizwa nta kwa mpira mwembamba kupitia matundu ya kiwandani.

Na hayo matundu yazibuliwe! Kila mlango una matundu madogo ukingoni chini ya kutolea maji. Vumbi la murram likikutana na maji ndani huganda, mlango ukabaki umebeba maji. Ndiyo maana milango ya huku huoza kutoka ndani, rangi ya nje ingali yang'aa. Uchelewa mmoja wa fagio watosha kuyazibua.

Palipotoboka hapapakwi kitu. Pakatwe mpaka kwenye chuma kizima, pachomelewe bati la milimita 1.2 hadi 1.5, mshono mzima na si nukta nukta, waya wa betri ukiwa umechomolewa. Anayeziba ukingo wa chini kwa faiba na pati anakuhatarisha, hapo ndipo jeki hukaa.

BintiMaweni:
Umeona? Umeona?! Siku mbili juani! Huyu hakulianika hata dakika mbili! Na bado ni mimi na kulioshaosha kwangu.

ChumviMdomoni:
Dada, hasira zako tumezisikia mpaka Watamu, lakini hujasema waosha kwa maji gani. Nusu ya Malindi yaosha magari kwa maji ya kisima cha uani, maji ambayo ukipikia wali huhitaji chumvi. Kama ni hayo, mzee ana robo ya haki na wewe una robo tatu za kelele.

Kupima ni rahisi. Tia tone kwenye kioo likauke. Likiacha alama nyeupe, usikimbilie kusema ni chumvi, kwa sababu ardhi yetu ni matumbawe na maji yake yana chokaa tele. Onja alama. Chokaa haina ladha, chumvi yajitangaza. Ukikosa maji mengine, oshea ya kisima kisha malizia ndoo mbili za maji ya bomba au ya mvua, tumbo kwanza, paa mwisho.

BintiMaweni:
BOMBA! Maji ya Baricho! Yakikatika siligusi! Na yeye hakuuliza maji gani. Alisema kulioshaosha, kisha akarudia kwa sauti ili aliyekuwa ng'ambo ya barabara asikose.

ChumviMdomoni:
Sasa aliye ng'ambo ya bahari pia amesikia.

MwanaGongoni:
Nyinyi wa mjini mwalilia ndoo. Njooni huku kwenye mashamba ya chumvi mpate cha kulilia. Lori limejazwa chumvi ambayo haijakauka, turubali limefungwa kwa kamba moja na dua, maji chumvi yatiririka barabarani. Ukilifuata nyuma toka Gongoni, ukifika daraja la Sabaki kioo chako cheupe na wipa zakwaruza. Na dereva wa lile lori la asubuhi, mwamjua, hakupi nafasi ya kumpita hata uwe umebeba mjamzito.

Chumvi ile ni mbaya kwa sababu haina haja ya mvua. Chumvi ya kawaida hewa ikizidi unyevu wa asilimia kama 75 huyanyonya maji yenyewe ikayeyuka, na usiku wa huku hufika hapo bila taabu. Chumvi ya bahari ina magnesi kloridi pia, hiyo hunyonya maji hata hewa ikiwa kavu zaidi. Kwa hiyo gari limeegeshwa, mwenyewe umelala, nalo latota usiku kucha. Ukipita nyuma ya lori la chumvi, suuza siku hiyo hiyo. Kungoja Jumamosi ni kuchelewa.

TukTuk_Shela:
Angalau nyinyi mna chesisi. Tuktuk kutu yala sakafu, na sababu si bahari, ni abiria wa samaki! Mama apanda na beseni la barafu na nguru, maji yamwagika, yaingia chini ya mkeka wa mpira, yakaa humo. Barafu iliyolowana na samaki wa bahari hutoa maji yenye chumvi. Inua mkeka kila jioni, suuza, uache umening'inia mpaka asubuhi. Mkeka uliogundishwa na gundi ubandue leo, usingoje kesho, chini yake sakafu imeshatoboka.

Na yule muuza spea (huyo naye mwamjua) atuuzia bolti "za stenlesi". Nendeni na sumaku. Stenlesi nzuri haivutwi, au yavutwa kidogo tu. Zake zadaka sumaku kabla hujaitoa mfukoni.

MpandaProbox:
Muuza spea huyo ni shemeji yake na yule wa lami.

BintiMaweni:
Nilijua! Ukoo mzima! Mmoja auza kutu, mwingine aifunika, kisha mwenye gari aambiwa ni kulioshaosha!

OiliChafu:
Mwasumbuka bure. Chukua oili chafu ya injini, lita mbili, paka tumbo lote, vumbi lishike, hiyo ndiyo ngozi yake. Malori ya zamani yote yaliishi hivyo.

FundiBati:
Na bushi zake ziliishi? Oili huvimbisha mpira. Bushi za mikono ya magurudumu, mabuti (vifuniko vya mpira) ya boljointi na mipira ya breki hulainika kisha huchanika. Oili iliyotumika ina asidi na maji ya mwako ndani yake. Ikigusa diski au pedi, breki hazishiki. Tena ikidondoka yaingia ardhini, na visima vyetu si virefu. Mwenye kutaka kitu cha mafuta apake nta au grisi ya lanolini, hiyo ni mafuta ya sufu ya kondoo.

Amu_Baharini:
Sisi wa Amu, yaani Lamu, gari letu punda, naye haoti kutu. Wenye magari huyaacha bara, Mokowe, pua imeelekea maji, kusi ikivuma yapakwa chumvi bila malipo. Likikaa wiki pale, kabla ya kuliwasha fungua boneti usuuze kwa upole, kisha tazama waya wa athi wa betri, ule uendao kwenye bodi. Ule ndio hufa wa kwanza. Poda nyeupe au ya kijani ioshe kwa magadi soda na maji vuguvugu, sugua, kaza, ndipo upake grisi. Grisi ije baada ya kukaza, isiwe katikati.

Lakini nyinyi mwaonewa na fundi mmoja. Sisi tuna yule wa injini za boti, aipaka rangi hata zinki! Kile kipande cha zinki kwenye injini kimewekwa kiliwe na maji ya bahari badala ya alumini ya injini. Ukikipaka rangi hakiliwi, kwa hiyo injini yaliwa. Na akimaliza asema, "Nimekupendezeshea." Zinki ikifika nusu ya ukubwa wake, badilisha. Na ukirudi pwani zungusha maji matamu ndani ya injini dakika 10, kila safari.

OiliChafu:
Basi pakeni sifa, mafuta ya papa. Majahazi yamepakwa hayo karne na karne, bado yaelea.

Amu_Baharini:
Jahazi ni mbao, yakhe. Na ukipaka sifa garini, Witu hufiki, paka wote watakufuata.

YadiTupu:
Mwaionea bahari. Magari mengi yamefika bandarini Mombasa yakiwa yameshaoza. Ujapani, sehemu za kaskazini na pwani ya magharibi, Hokkaido, Tohoku, Niigata, barabara humwagiwa chumvi majira ya theluji ili barafu iyeyuke. Sheria yetu yakataza kuingiza gari lililozidi miaka 8, haikatazi lililokaa miaka 7 kwenye chumvi.

Kabla ya kulipa, dai karatasi ya mnada wa Ujapani. Kwenye mchoro wa gari herufi S ni kutu, C ni chuma kilicholiwa, na nambari inayoifuata herufi ikipanda, hali imezidi. Maelezo ya kutu ya tumbo huandikwa kwa Kijapani pembeni, mpe mtu akusomee. Likifika, lala chini na tochi. Tazama juu ya ekseli ya nyuma, vikombe vya springi, bolti za sabframe (fremu ndogo ya chini), na mabomba ya breki. Tumbo jeusi tii jipya kwenye gari la miaka 7 ni dalili mbaya, mtu ameficha kitu. Gonga kwa mpini wa bisbisi, chuma kizima chalia, kilichooza chanyamaza.

Na yule wa yadi ya Mombasa anayewaambia wateja "hiyo ni vumbi ya meli" Mungu anamwona.

BintiMaweni:
Langu halikutoka kwenye theluji! Lilikuwa safi mpaka alipoligusa yeye! Aliyesema kulioshaosha!

MpandaProbox:
Vumbi ya meli, hahaha! Niliuziwa hiyo hiyo. Sasa hayo mabomba ya breki, yakiwa na kutu ya juu juu yasuguliwa au yabadilishwa?

FundiBati:
Futa kwa kitambaa. Ikitoka ni ya juu, paka nta. Ukihisi mashimo kwa ukucha, badilisha bomba zima, kwa sababu hupasuka siku ukikanyaga kwa nguvu zote, yaani siku unapoihitaji. Weka la shaba na nikeli, hilo haliliwi na chumvi. Mdomo ukunjwe mara mbili kwa kifaa chake. Asije mtu akakata kipande kilichooza akaunganisha kwa mpira wa petroli na klipu! Mpira huo haukutengenezewa shinikizo la breki, utachomoka. Baada ya hapo toa hewa, ukianza na gurudumu lililo mbali na silinda kuu, na mafuta ya breki yawe mapya ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kisemavyo. Yaliyofunguliwa zamani yameshanyonya maji.

TukTuk_Shela:
Na bodaboda? Cheni ya kijana wangu yalia toka Ganda mpaka mjini.

MwanaGongoni:
Asiioshe kwa petroli. Mafuta ya taa na brashi, aifute, kisha oili ya gia namba 90 upande wa ndani wa cheni huku akizungusha gurudumu. Ulegevu katikati uwe kama milimita 25. Grisi asitie, yashika mchanga, na mchanga hula meno ya sproketi.

MpandaProbox:
Sawa. Kwani humu kuna mwenye mlango wa nyuma wa Probox usiotoboka pale chini ya kioo? Nipo Malindi, nafuata popote mpaka Kilifi.

YadiTupu:
Upo mmoja, mweupe. Kutu ya nukta mbili kwenye bawaba, mfereji wa maji mzima.

MpandaProbox:
Una mota yake ya wipa?