Kwa nini elektrodi ya oksijeni hubanduka?

Msomaji wa Nyegezi: Wakuu, heshima kwenu. Ninaandaa semina hapa Mwanza kuhusu seli za oksidi yabisi, ambazo hutumia umeme kuvunja mvuke wa maji kuwa hidrojeni na oksijeni kwenye joto la nyuzi 700 hadi 850 hivi. Kwa nini elektrodi ya oksijeni, yaani tabaka la upande wa oksijeni, hubanduka zaidi katika kazi hii kuliko pale seli hiyohiyo inapozalisha umeme?

Fundi Kauri, Ilemela: Ndugu, tazama mwelekeo wa ayoni za oksijeni, yaani chembe zake zenye chaji. Katika kazi hii hupita kwenye elektroliti, tabaka la katikati la kauri iitwayo zirkonia, na kufika kwenye elektrodi hiyo, ambako huachia elektroni na kuwa gesi; seli inapozalisha umeme, huenda kinyume. Mkondo ukizidi uwezo wa elektrodi wa kuitoa gesi hiyo, shinikizo hujengeka katika vitundu vilivyofungika mpakani, hadi tabaka linaachana kama maganda ya miamba yetu, ingawa miamba ina sababu zake. Elektrodi yenye metali ya lantani huweza pia kuungana na zirkonia na kuzaa oksidi isiyopitisha umeme vizuri.

Mama Kemia, Kirumba: Mwanangu, usiusahau upande wa mvuke: nikeli, metali iliyomo katika elektrodi ya upande huo, huhama kutoka karibu na elektroliti, na kwangu hilo ndilo gumu zaidi. Kugeuza mwelekeo wa mkondo mara kwa mara kumeonekana kupunguza uharibifu.

Msomaji wa Nyegezi: Shikamoo Mama. Na umeme ukikatika ghafla?

Mama Kemia: Marahaba. Seli ikipoa haraka, tabaka husinyaa kwa viwango tofauti, na nyufa hufuata.