Gari inachemka ikisimama tu. Ninunue rejeta nyingine? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Mwana wa Nguba:
Jambo wakubwa. Niko Bukavu, nina gari ndogo ya esanse. Ikitembea haina shida, sindano ya joto inatulia katikati. Shida ni foleni. Nikikwama Nyawera dakika kumi hivi, injini inanguruma bila kwenda, sindano inapanda mpaka kwenye nyekundu na harufu ya maji moto inaingia ndani. Njia ikifunguka, inashuka yenyewe. Fundi wangu anasema rejeta imeziba, ninunue nyingine. Jumamosi nampeleka mama Walungu kwenye posa ya mdogo wangu. Ninunue? Siku mbili silali.

Mama Safi:
Mwanangu, mama hapandishwi gari mgonjwa. Baba yao alitulaza kwenye mlima wa Ngomo tukienda Uvira, watoto watatu na mikungu ya ndizi. Maji yote ya kunywa yaliingia kwenye injini. Mdogo akalia kiu mpaka alfajiri. Azima gari kwa jirani.

Mwalimu wa Fizikia:
Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayangoji 100. Ndiyo maana maharagwe yetu yanachelewa kuiva. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachobana presha ili maji yasichemke mapema. Mpira wake ukichoka, umekwisha. Kiangalie kwanza.

Mwana wa Nguba:
Kifuniko ni kipya, mwalimu. Nilikinunua mwezi uliopita.

Fundi Kadutu:
Gari inayopoa ikitembea na kuchemka ikisimama, shuku feni kwanza. Ukitembea, upepo wa barabara unapoza rejeta. Ukisimama, hakuna upepo mwingine ila wa feni. Rejeta iliyoziba ingekutesa zaidi kwenye kupanda. Mlimani inachemka? Na hiyo feni imewahi kuguswa?

Mwana wa Nguba:
Mlimani haichemki. Feni inazunguka, naisikia.

Fundi Kadutu:
Nimeuliza kama imewahi kuguswa.

Kijana wa Panzi:
Toa thermostati, ile inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto, utupe. Yangu niliitoa, naendesha mpaka leo.

Fundi Kadutu:
Kijana, injini yako haifikii joto lake, inakunywa esanse bure. Usimpe mwenzako ugonjwa wako. Mwana wa Nguba, bado nangoja.

Mwana wa Nguba:
Sawa. Miezi miwili nyuma feni ilikuwa haizimi hata nikitoa ufunguo, asubuhi nakuta betri imekufa. Fundi akakata nyaya, akaniwekea swichi chini ya usukani. Sindano ikipanda, nabonyeza. Lakini sidhani kama ndiyo shida, maana feni inazunguka kwa nguvu. Na rejeta nimeshaachia avansi ya dola 40. Fundi huyu anaangalia gari yangu mwaka wa nne sasa, siwezi kumgeuka hivihivi.

Mzee wa Ibanda:
Vijana, chochote mtakachofanya, msifungue kifuniko injini ikiwa moto. Mwaka 1998 nilifungua kwa kitambaa, maji yakaruka. Mkono huu wa kulia ngozi ilitoka kama ya viazi vilivyochemshwa. Mke wangu alinilisha kwa kijiko wiki tatu.

Mpenda Ukweli:
Mimi siamini habari hii. Kwanza feni haina neno, sasa ina swichi, sasa kuna avansi. Kila akibanwa inazaliwa hadithi mpya. Huyu anauza rejeta, anatafuta wateja.

Kijana wa Panzi:
Hata mimi nimeshtuka. Atuambie rejeta anainunua wapi.

Mama Safi:
Muuza rejeta angekubali mapema kwamba mlimani haichemki? Mwacheni mtoto wa watu.

Mwana wa Nguba:
Mimi siuzi kitu. Niliona haya kusema habari ya swichi kwa sababu nilimruhusu fundi akate nyaya. Mama yangu ana miaka 71. Naogopa kusimama naye njiani.

Fundi Kadutu:
Tuache maneno, tupime. Injini ikiwa baridi, washa, bonyeza swichi, kisha peleka karatasi mbele ya grili. Feni yako iko nyuma ya rejeta? Basi inatakiwa kuvuta: karatasi inate kwenye grili. Ikisukumwa mbali, nyaya zimegeuzwa na feni inazunguka kinyume. Utaisikia vizuri tu, lakini haipozi inavyopaswa.

Mwana wa Nguba:
Nimetoka kupima. Nilichana karatasi ya daftari la binti yangu. Nilipoisogeza karibu ikaniponyoka, ikaanguka kwenye tope, na kiganja kikapigwa na upepo wa uvuguvugu. Nimezima, nikabadilisha zile nyaya mbili. Sasa karatasi inanata kwenye grili mpaka inakunjamana. Imenguruma dakika 25, sindano haijavuka nusu. Mungu awabariki. Jumamosi naenda na swichi hivihivi, mengine nikirudi.

Mpenda Ukweli:
Naomba radhi, ndugu. Nilikudhania vibaya.

Fundi Kadutu:
Hapana, usiende hivyo. Mama akikusimulia habari za posa, utaisahau swichi. Ile feni kutozima, inawezekana ilikuwa rilei, ile swichi ya umeme inayowasha na kuzima feni, imeganda tu. Hiyo ndiyo ilitakiwa kubadilishwa, nyaya zirudi mahali pake na fyuzi yake. Rilei haifiki hata robo ya avansi yako. Sasa niambie kweli: sindano iligusa nyekundu mara ngapi?

Mwana wa Nguba:
Sita. Labda saba.

Fundi Kadutu:
Basi kesho asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, angalia maji. Mapovu yakipanda bila kuisha, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba juu ya injini maji na moto visikutane, imeungua. Angalia na kifuniko cha oili, kama chini yake kuna utando wa rangi ya maziwa. Ukiona kimoja kati ya hivyo, Walungu mtaenda kwa gari nyingine.

Mwana wa Nguba:
Saa kumi na mbili asubuhi nitaandika hapa.

Mama Safi:
Nitakuwa macho, mwanangu.