Tupeane uzoefu: Maktaba ya umma ilivyokusaidia katika afya

Mwanzisha mada, Tanzania

Ndugu wanachama, habari za majukumu. Naomba kila aliyewahi kupata huduma ya afya ndani ya maktaba ya umma, iwe ni kupimwa presha, mazoezi ya wazee, kikundi cha wajawazito au kitabu kilichomfumbua macho, atueleze ilivyokuwa na kilichobadilika baadaye. Nimefanya kazi ya ukutubi kwa miaka mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba maktaba inaweza kumpa mtu kitu ambacho zahanati yenye foleni ndefu haina nafasi ya kumpa, yaani muda wa kusoma, kuuliza na kuuliza tena kabla hajaandikiwa kadi ya mgonjwa.

Wazo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujisomea, wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kijitabu kwa pamoja, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Marehemu mama alikuwa katika kikundi kimojawapo, na hadi uzeeni alichuja maji ya kunywa kwa kitambaa cheupe ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitumia kwa kazi nyingine, kisha akayachemsha. Ndiyo maana ninapopanga shughuli ya afya maktabani hujiuliza kwanza watu watasoma nini pamoja, na wakitoka hapo watafanya nini.

Kwetu tulianza na presha. Muuguzi wa kituo cha afya cha jirani huja siku ya gulio, na hampimi mtu kabla hajakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na mkanda umefungwa juu ya ngozi wala si juu ya shati. Hupima mara mbili. Anayefikia 140/90 au zaidi hupewa barua ya kwenda kituoni kuthibitishwa, kisha huketi nasi kusoma kijitabu kuhusu chumvi. Hapo ndipo mazungumzo hunoga, kwa sababu wengi huacha kujiongezea chumvi mezani wakadhani wamemaliza, ilhali hawajahesabu iliyomo katika viungo vya paketi na katika papa mkavu.

Mwanachama, Kenya Magharibi

Asante sana, ndugu mkutubi. Kwetu huduma kubwa ya afya katika maktaba imekuwa intaneti na mtu mvumilivu wa kukaa kando yako. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali, wazee wengi wamehitaji kujisajili upya, na wasio na ajira rasmi hujibu pia maswali kuhusu hali ya nyumba na maisha yao ili mchango wao ukadiriwe. Nilimpeleka baba mkwe. Mhudumu wa maktaba alimsomea kila swali kwa Kiswahili, akasubiri jibu, na alipofika mahali pa nambari ya siri akageuza uso na kumwachia mzee aiandike mwenyewe. Kitendo hicho kilimpa baba mkwe heshima ambayo hakuipata katika vibanda vya mitandao, ambako vijana huwajazia wazee fomu nzima, nambari ya siri ikiwemo.

Mwanachama, Philadelphia

Mimi ni Mkongo kutoka Kivu Kusini. Hapa Philadelphia, Marekani, kuna jengo lililofunguliwa mwaka 2016 kusini mwa jiji, ambamo maktaba ya umma, kituo cha afya cha jiji na kliniki ya watoto viko chini ya paa moja. Mtoto akimaliza kuonwa na daktari, mnaingia maktaba. Kwa familia iliyofika nchini bila gari, kuunganishwa kwa huduma hizi ni msaada mkubwa kuliko anavyoweza kufikiri mtu aliyezaliwa hapa.

Jambo ninalotaka Waswahili wenzangu walijue ni kwamba tovuti ya MedlinePlus, inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ina maelezo ya afya kwa Kiswahili. Mkutubi ndiye aliyenichapia maelezo ya chanjo. Nilikuwa nimetia sahihi fomu za chanjo za mwanangu wa kwanza kwa kutikisa kichwa tu. Za wa pili nilizisoma, nikaenda kwa daktari na maswali yangu nimeyaandika, na daktari akayajibu moja baada ya jingine.

Mwanachama, Uingereza

Nitasema jambo ambalo kwetu hufichwa. Nilikuwa nikifanya kazi ya kuhudumia wazee zamu za usiku, na hata siku za mapumziko nikawa naamka saa tisa usiku moyo unanienda mbio. Daktari alinieleza mpango wa Reading Well, ulioanza Uingereza mwaka 2013, ambao huweka katika maktaba vitabu vya afya ya akili vilivyochaguliwa kwa ushauri wa wataalamu. Wazo la kumwandikia mgonjwa kitabu kama dawa lilitokea Cardiff, kwa mwanasaikolojia Neil Frude. Huhitaji barua ya daktari. Unachukua kitabu rafuni kama msomaji mwingine yeyote.

Nilikuwa nikisoma kurasa chache na kufanya zoezi lake siku hiyohiyo, hasa lile la kuandika ninachokiogopa na ushahidi wa kwamba kitatokea. Kitabu peke yake hakikutosha, nilikwenda pia kwa mshauri nasaha. Hata hivyo, bila kitabu nisingekuwa na maneno ya kumweleza mshauri huyo.

Mwanachama, pwani ya Kenya

Naomba na upande mgumu usikike. Katika maktaba moja, ambayo sitaitaja, ukumbi ulitolewa kwa watu waliotangaza semina ya afya ya bure. Walikuja na kifaa cha kushika mkononi, wakadai kinasoma viungo vyote vya mwili kwa dakika moja, na kila aliyekishika aliambiwa ini lake limechoka au damu yake ni chafu. Mwisho wa mstari palikuwa na meza ya virutubisho. Shangazi yangu alitoa akiba yake ya kodi ya nyumba, na baya zaidi ni kwamba aliweka kando vidonge vyake vya kisukari kwa kuamini kwamba yaliyosemwa maktabani hayawezi kuwa uongo. Imani hiyo ya watu ndiyo mali ya maktaba, na wenye maktaba waliikodisha kwa bei ya ukumbi. Ndugu mkutubi, ninyi mnajilindaje?

Mwanzisha mada, Tanzania

Pole sana kwa yaliyompata shangazi, na ninatumaini amerudia dawa zake chini ya uangalizi wa daktari. Swali lako ni la haki. Kwetu haruhusiwi kupima watu yeyote asiyeletwa na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya kwa barua, na anayeuza chochote hapewi ukumbi kwa shughuli ya afya, hata akilipa. Kijitabu chochote hupitiwa na muuguzi kabla hakijawekwa mezani. Majibu ya vipimo hukaa na mpimwaji na muuguzi, maktaba haiandiki jina wala namba. Sisi wakutubi hatumwambii mtu ana ugonjwa gani wala atumie dawa gani. Tunamtafutia maandishi ya kuaminika na kumsomea asiyeona vizuri. Barua tuliyoiandikia ofisi ya mganga mkuu ni ya ukurasa mmoja. Anayetaka kuanzisha huduma hii kwao aseme hapa, nitamtumia nakala.